Nyumba ya mpito kwa wanaume wanaopona: nani ashike dawa, pesa na funguo

Mwanaume anayeruhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili mara nyingi ametulia tu, kupona bado. Sauti zimepungua, usingizi umerudi, anajibu maswali bila kuyumba, na kitanda chake kinasubiriwa na mgonjwa mwingine. Hapo ndipo hatari yake kubwa inapoanzia. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba vifo vya kujiua baada ya kutoka hospitali hujazana katika miezi 3 ya mwanzo, na wiki mbili za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Uingereza imeweka utaratibu kwamba mtu aliyetoka wodini afikiwe ndani ya saa 72. Duniani wanaume hufa kwa kujiua karibu mara mbili ya wanawake, na wengi wao hawasemi wanachopitia mpaka kimewashinda. Pengo la kati ya wodi na nyumbani linahitaji mahali pake.

Mahali hapo ni nyumba ya mpito: nyumba ya kawaida, wanaume 6 hadi 12, wahudumu wa zamu, ratiba, na muda unaojulikana, kwa kawaida kuanzia miezi michache hadi miaka 2. Zipo nzuri na zipo mbovu, na mgeni akipita sebuleni hawezi kuzitofautisha, kwa sababu zote zinaweza kuwa safi na tulivu. Kipimo chetu ni kingine. Siku ya kuingia, mkazi anaacha vitu vingi mikononi mwa wahudumu: dawa, pesa, mpangilio wa siku, hata uamuzi wa saa ya kulala. Nyumba njema ina mpango ulioandikwa wa kumrudishia kimoja kimoja. Nyumba mbovu huvishikilia mpaka siku ya mwisho, kisha humkabidhi vyote kwa mkupuo langoni. Huyo ndiye anayeanguka ndani ya mwezi, halafu lawama anabebeshwa yeye.

Kwa nini asirudi nyumbani moja kwa moja

Swali hili huulizwa na ndugu kwa uchungu, na lina jibu lenye historia. Miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za London. Walikuta jambo ambalo halikutarajiwa: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao waliugua tena zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kukaa na kaka na dada. Uchunguzi ulioendelea ulionyesha kwamba kinachodhuru ni hali ya nyumba: kukosolewa kila wakati, uhasama, na kushikiliwa kupita kiasi na mtu anayempenda sana mgonjwa. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff waliongeza kwamba katika nyumba za namna hiyo, kukaa uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki kulizidisha hatari, na dawa zilipunguza sehemu ya hatari hiyo.

Ndugu wasisome hapo kwamba wao ndio chanzo cha ugonjwa. Sivyo. Mama aliyekesha na mwanawe miaka mitano ana haki ya kuchoka na kuwa mkali. Nyumba ya mpito inawapa wote wawili nafasi ya kupumua, na inampa mkazi watu wanaomzunguka ambao hawana makovu naye.

Lakini kumtoa mtu kwenye makelele na kumtupa kwenye ukimya si matibabu pia. John Wing na huyo huyo Brown walipochunguza hospitali 3 za Uingereza, waligundua kwamba kilichoambatana zaidi na kunyong'onyea kwa wagonjwa, kukosa hamu, kujitenga, kunyamaza, kilikuwa ni muda wa kukaa bila kufanya lolote. Kwa hiyo nyumba inayojisifu kwamba wakazi wake "hawasumbui" na huku wamekaa mbele ya televisheni kuanzia asubuhi, inawaongezea ugonjwa.

Siku ya kuingia

Usimpokee mtu kwa maelezo ya mdomo. Barua ya kuruhusiwa itaje ugonjwa, kila dawa na dozi na saa yake, tarehe ya kliniki ijayo, na vipimo vya damu vya mwisho. Kinachosahaulika mara nyingi ni sindano ya dawa inayodumu mwilini kwa wiki kadhaa. Barua itasema "flufenazini kila wiki 4" na isiseme ya mwisho ilichomwa lini. Mkazi naye hakumbuki. Wahudumu wanakisia, wiki zinapita, na ugonjwa unarudi polepole kiasi kwamba hakuna anayeuhusisha na sindano. Piga simu wodini siku hiyo hiyo, kabla aliyemhudumia hajabadilisha zamu, upate tarehe. Aje pia na dawa za siku 14 mkononi, kwa sababu kliniki ya kwanza huahirishwa.

Muulize yeye mwenyewe, faraghani: Mara iliyopita ugonjwa ulianzaje? Umewahi kujaribu kujiua, na kwa njia gani? Unakunywa pombe, kiasi gani, na mara ya mwisho ni lini? Swali hilo la mwisho si la maadili. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla, anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48, na kati ya saa 48 na 96 anaweza kuchanganyikiwa, kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Mtu wa aina hiyo aanzie hospitali, apunguziwe kwa dawa, apewe vitamini B1, ndipo aje.

Halafu mnaandikiana: nini nyumba inashika, kwa nini, na kitarudishwa kwa masharti gani. Simu na kitambulisho chake havishikwi. Mlango haufungwi kwa nje. Aliyekuja kwa hiari anaweza kuondoka kwa hiari, na nyumba inayotumia minyororo, kufuli au viboko haina tiba yoyote ndani yake, hata iwe na jina zuri namna gani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unawahusu hawa pia.

Dawa: ngazi nne

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1999, uliowafuatilia waliougua saikosisi (kusikia sauti au kuamini yasiyo ya kweli) kwa mara ya kwanza, ulikuta kwamba kuacha dawa kulizidisha hatari ya kurudiwa na ugonjwa karibu mara 5. Nyumba nyingi zikisikia hivyo hukimbilia kumsimamia mkazi kila kidonge mpaka mwisho. Matokeo yake mtu anameza vizuri miezi minane, na akitoka hajui hata jina la kidonge anachomeza.

Ngazi ya kwanza, dawa ziko kabatini kwa wahudumu. Saa ikifika mkazi anakuja mwenyewe. Asifuatwe chumbani mpaka dakika 30 zipite. Anataja jina la dawa na dozi, anameza, ndipo mhudumu anasaini daftari. Kusaini kabla ya kumeza ni kosa dogo lenye matokeo makubwa: mkazi anaitwa simu, anaondoka bila kumeza, na kitabu kinasema amemeza. Kosa la upande wa pili hutokea zamu zinapobadilishana, wa asubuhi amempa na hakusaini, wa mchana anampa tena.

Siku 14 mfululizo akija bila kuitwa, anapanda. Ngazi ya pili anakabidhiwa kijisanduku cha dawa za siku moja, na jioni kinakaguliwa naye akiwepo. Ngazi ya tatu ni kisanduku cha siku 7 ambacho anakijaza yeye mhudumu akitazama, na anakiweka kwenye droo yenye kufuli chumbani mwake. Vidonge vinahesabiwa mara mbili kwa wiki. Ya nne anachukua dawa kliniki mwenyewe, anakaa nazo za mwezi, na anajua siku ya kwenda kuchukua nyingine. Kwa wengi safari hii ni miezi 3 hadi 6. Aliyewahi kujaribu kujiua kwa kumeza dawa hafiki ya nne kwa haraka, na hata akifika apewe za wiki moja moja. Akishuka ngazi, aambiwe wazi kwamba si adhabu, na aambiwe siku ya kujaribu tena.

Kisanduku kitupu hakithibitishi kwamba vidonge vimefika tumboni. Ukiona hesabu ni safi lakini mtu anabadilika, usimvizie chooni. Muulize dawa inamfanya nini. Mara nyingi jibu ni usingizi wa asubuhi, na daktari anaweza kuhamishia dozi yote usiku.

Zipo dawa chache ambazo kila mhudumu lazima azijue kwa undani. Lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, inatibu na inadhuru kwa kiwango kinachokaribiana: damu hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na kwa kawaida inatakiwa isome kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita, wakati mwingine mpaka 1.0. Kuharisha, kutapika, kutokwa jasho jingi bila kunywa maji, au kumeza ibuprofeni au diklofenaki kwa ajili ya mgongo, vyote hupandisha kiwango hicho. Mkazi akianza kutetemeka mikono kwa nguvu, kuyumba akitembea na kuvuta maneno, msidhani amelewa. Asipewe dozi inayofuata, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Klozapini, dawa ya saikosisi, ina sheria ya saa 48: akikosa zaidi ya hapo, harudishiwi dozi yake ya zamani, anaanza tena chini, kwenye miligramu 12.5, kwa maelekezo ya daktari. Homa au koo kuuma ni sababu ya kupima damu haraka, kwani dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe. Na kukosa choo kwa mtu wa klozapini si jambo la kumwambia anywe maji halafu mkasahau. Utumbo unaweza kusimama kabisa, na watu wamekufa. Andikeni choo kwenye daftari, hata kama wanaume wazima wataona haya kuulizwa.

Sigara nayo, katika nyumba ya wanaume, ni suala la dawa. Moshi wenyewe, wala si nikotini, huharakisha ini kuvunja klozapini na olanzapini. Mkazi akiacha kuvuta ghafla, kiwango cha dawa mwilini kinapanda ndani ya siku chache bila dozi kubadilika, na anaanza kusinzia mchana na kudondosha mate. Kuacha sigara ni kuzuri, ila daktari ajulishwe kabla.

Kwa haloperidoli, dawa nyingine ya saikosisi, siku za mwanzo kijana anaweza kukakamaa shingo, taya au macho kugeukia juu. Inatisha, na inatibika kwa sindano moja. Kuna nyingine isiyoonekana kirahisi: mtu hawezi kutulia, anakaa anasimama, anapiga hatua ukutani hadi mlangoni usiku kucha, anasema ndani ya miguu kunamsumbua. Wahudumu huandika "msumbufu, anagoma kulala," anaongezwa dawa, na hali inazidi, kwa sababu dawa ndiyo inayoleta hali hiyo. Kabla ya kuandika kwamba mtu ni msumbufu, muulize kama anataka kutembea au kama miguu inamlazimisha.

Nguvu za kiume

Hii tunaiweka peke yake kwa sababu ndiyo sababu ambayo wanaume hawaisemi. Risperidoni na haloperidoli hupandisha homoni ya prolaktini; hamu inapungua, uume unagoma, matiti yanaweza kuvimba. Fluoxetini na setralini, dawa za sonona, huchelewesha au huzuia kabisa kumwaga. Mwanaume wa miaka 26 anaamini kwamba ugonjwa umemmaliza, au kwamba dawa zimemhasi kwa makusudi. Anaacha kimya kimya. Kwenye kliniki ataulizwa "dawa zinakusumbua?" na atajibu "hapana, ziko sawa."

Anayeuliza awe mhudumu anayeheshimika naye, wakiwa wawili tu, na swali liwekwe hivi: "Dawa hii huwapunguzia wanaume wengi hamu au nguvu. Kwako ikoje?" Likija hivyo, jibu linakuja. Halafu liende kwa daktari kwa maneno hayo hayo, kwa kuwa zipo njia: kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuhamia dawa kama aripiprazoli ambayo kwa kawaida haipandishi prolaktini. Kumwambia avumilie kwa sababu "afya ndiyo kwanza" ni kumsukuma aache.

Siku, na usiku wake

Saa ya kuamka ina uzito kuliko saa ya kulala, maana huwezi kumlazimisha mtu asinzie lakini unaweza kumwamsha. Saa moja asubuhi, kila siku, Jumapili ikiwemo. Dawa, kifungua kinywa, usafi wa chumba, halafu saa 2 za kazi yenye matokeo yanayoonekana: bustani, kuku, useremala, kufua. Kikundi cha mazungumzo kisizidi watu 8 wala dakika 60. Wanaume wengi huongea zaidi mikono ikiwa na kazi, wakiwa wamekaa ubavu kwa ubavu. Viti vilivyopangwa duara huwafunga midomo. Ndiyo maana tunapenda mazungumzo yawekwe baada ya kazi na karibu na mahali pa kazi. Mazoezi yafike angalau dakika 150 kwa wiki, kwani dawa nyingi hunenepesha na kupandisha sukari. Uzito na shinikizo la damu vipimwe kila mwezi.

Kupika ni mtihani bora kuliko fomu yoyote. Kila mkazi apewe siku moja ya kupikia nyumba nzima, kuanzia kuandika orodha, kununua ndani ya bajeti, mpaka kuosha sufuria. Simama pembeni utazame. Yupo atakayewasha moto kabla ya kukata chochote, mafuta yanaungua, anaganda, anaacha yote na kwenda kulala. Wengine watamwita mvivu. Huyu hana uvivu. Ugonjwa umemharibia uwezo wa kupanga hatua na kuzikumbuka. Dawa ya hilo ni karatasi iliyobandikwa usawa wa macho karibu na jiko, hatua sita, kila moja sentensi moja, na anaweka alama akimaliza. Baada ya siku zake tatu au nne za zamu, ondoa hatua mbili, uone. Karatasi hiyo hiyo itakwenda naye kwake.

Usiku uandikwe: taa ilizimwa saa ngapi, aliamka mara ngapi, aliinuka saa ngapi. Kwa mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, usiku mbili au tatu za kulala kwa muda wa saa 4 tu na kuamka mwenye nguvu tele ni habari ya kumpigia daktari, hata kama anacheka na kila mtu anafurahia uchangamfu wake. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe mapema mchana.

Mhudumu wa usiku awe macho. Na hapa hesabu haidanganyi: nafasi moja ya saa 24 ina saa 168 kwa wiki, kwa mfanyakazi wa saa 40, hiyo ni watu 4.2 kabla ya likizo na kuugua. Wanahitajika watu 5 ili kiti kimoja kisibaki kitupu. Nyumba inayosema ina huduma ya saa 24 na ina wahudumu wawili, usiku haina mtu, au ina mtu aliyechoka kiasi cha kutosikia.

Pesa, pombe na ugomvi

Pesa zinapita ngazi kama dawa: kwanza kwenye sefu yenye saini mbili, kisha posho ya siku, ya wiki, ya mwezi, na mwishowe kadi na akaunti ni zake. Namba ya siri haijuliki na mhudumu tangu siku ya kwanza. Mhudumu hakopi wala hakopeshi. Wakazi nao wasikopeshane. Ugomvi mwingi wa nyumba za wanaume huanzia kwenye deni dogo la sigara ambalo hakuna aliyeliandika.

Pombe na bangi ziko nje ya mlango, hilo halina mjadala, na bangi kwa mwenye saikosisi huuita ugonjwa urudi. Swali gumu ni nini kinatokea mtu akiteleza. Nyumba zinazomfukuza usiku huo huo zinamtoa barabarani akiwa amelewa, amekata tamaa na hana pa kulala. Tunapinga hilo kabisa. Usiku huo awekwe salama, aangaliwe, asipewe dawa za usingizi juu ya pombe bila daktari. Mazungumzo ni asubuhi, kichwa kikiwa kizima: kilichotangulia ni nini, ulikuwa na nani, tubadilishe nini. Kuwauzia wenzake ni kesi nyingine, na huyo atafutiwe mahali pengine.

Mtu akipandisha hasira, mhudumu mmoja tu aongee, kwa sauti ya chini, akisimama pembeni na umbali wa mikono miwili, na mlango ubaki wazi nyuma ya mkazi. Wenzake waondolewe, mwanaume hushindwa kurudi nyuma akiwa anatazamwa.

Kujiua kuulizwe kwa jina lake

Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. "Umekuwa ukifikiria kujiua?" ni swali linalostahili kuulizwa hivyo hivyo, bila kuzungusha. Akisema ndiyo, uliza njia, uliza wakati, na usimwache peke yake mpaka mpango uwepo. Mpango wenyewe uandikwe kwa mkono wake: dalili za kwamba anateleza, anachoweza kufanya mwenyewe, watu watatu wa kuwapigia kwa majina na namba, na namna ya kuondoa kile ambacho angetumia. Jengo nalo lipitiwe: dawa za kuua wadudu zisiwepo kabisa, kamba zihesabiwe, fimbo za mapazia ziwe za kuachia zikibeba uzito. Utulivu wa ghafla kwa mtu aliyekuwa amezama, hasa akianza kugawa vitu vyake, uripotiwe zamu hiyo hiyo.

Dalili za onyo za kurudi kwa ugonjwa zina sura ya mtu mwenyewe. Orodha za vitabuni, kukosa usingizi, kujitenga, hasira, zinafaa kwa kuanzia tu. Kaa naye pamoja na ndugu mmoja mtafute zake: huyu huacha kunyoa, yule huanza kula peke yake akiwa amegeukia mlango, mwingine huuliza mara mbili nani amegusa simu yake. Zije dalili tano, ziandikwe kwenye kadi, nakala moja kwake, moja kwa ndugu, moja ofisini. Mara nyingi huanza wiki kadhaa kabla hali haijawa mbaya, na muda huo unatosha kumwona daktari.

Kutoka

Tarehe ya kutoka ikadiriwe ndani ya mwezi wa kwanza, hata kama itasogezwa. Uchunguzi wa Uingereza uliofuatilia watu 586 kwa miezi 30 ulikuta kwamba waliokuwa kwenye nyumba za malezi ya kudumu, kama mmoja kati ya 10 ndiye aliyehamia kwenye msaada mdogo zaidi. Kwenye nyumba za uangalizi zenye lengo la kumtoa mtu ilikuwa karibu 4 kati ya 10. Na kwa waliotembelewa makwao, thuluthi mbili. Waliokuwa kwenye malezi ya kudumu walikuwa pia wagonjwa zaidi, kwa hiyo tofauti haitokani na nyumba peke yake. Hata hivyo, nyumba isiyotarajia mtu aondoke haiwezi kumwandaa kuondoka.

Kazi itafutwe akiwa bado ndani. Mafunzo marefu ya kumwandaa "awe tayari kwanza" yamethibitika kuwa dhaifu kuliko kumweka mtu kwenye kazi halisi anayoitaka na kumsaidia akiwa kazini. Saa chache kwa wiki zinatosha kuanzia.

Nyumbani aende kwa vipande: saa chache, usiku mmoja, usiku mbili, wiki nzima. Kila ruhusa iende na dawa zilizohesabiwa na namba ya zamu. Akirudi, ndugu waulizwe mambo matatu: alilala saa ngapi, alimeza mwenyewe, na mligombana kuhusu nini. Ugomvi ukitokea kila mara juu ya jambo lile lile, mketi nao pamoja kabla ya ruhusa inayofuata. Mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe awe amefika ngazi ya juu ya dawa na pesa, awe na ufunguo wake wa mlango wa mbele, na awe amekwenda kliniki peke yake angalau mara mbili.

Akishaondoka, apigiwe simu au atembelewe ndani ya saa 72. Kisha kila wiki kwa mwezi wa kwanza, na kila wiki 2 mpaka miezi 3 iishe. Anayepiga awe mtu aliyemzoea, na aulize usingizi kabla ya kuuliza dawa, kwa sababu kuhusu usingizi watu husema kweli. Nyumba ikiweza, ibakize kitanda kimoja cha usiku mbili tatu kwa aliyetoka akateleza, na mkazi aambiwe kabla hajaondoka kwamba kitanda hicho kipo, namna ya kukiomba, na kwamba akikitumia harudi mwanzo wa ngazi: anaingia pale alipoachia, na dawa zake anaendelea kuzishika mwenyewe isipokuwa daktari aseme vingine.